James Grant: mashine ya macho mawili na picha ya wapagazi

Ndugu wachimbaji na jamaa zenu, hapa Maniema tunasikia sana jina la Stanley na la Livingstone. James Augustus Grant, yeye watu wanamsahau. Lakini maisha yake yanatufundisha jambo moja juu ya picha, na sisi wa sendika tuko na lazima nalo.

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 huko Nairn, Scotland, mtoto wa mchungaji wa kanisa. Mwaka 1846 akaingia jeshi la Waingereza la India. Mwaka 1857, kwenye vita ya Lucknow, akaumia mkono wa kuume.

Mwaka 1860 alifika Zanzibar pamoja na John Speke, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Alibeba mashine ya picha yenye macho mawili. Ile mashine inapiga picha mbili: moja kama jicho la kuume linavyoona, ingine kama la kushoto. Ukizitazama pamoja ndani ya chombo chake, zinaungana kuwa moja, na nyumba inasimama mbele yako kama ya kweli. Miaka ile ile Mwingereza Francis Frith alikuwa anapiga mahekalu ya zamani ya Misri na mashine ya namna hiyo, na watu wa Ulaya wakaona nguzo za mafarao wakiwa wamekaa kwao.

Grant alipiga mji wa Zanzibar, hata soko la watumwa. Picha zake ni kati ya zile za kwanza kabisa za ule mji.

Kazi ilikuwa ngumu. Kioo kilipakwa dawa, kikapigwa na kusafishwa kingali kibichi, ndani ya hema dogo lenye giza. Njiani joto la mule lilikuwa karibu kumwua. Basi akaacha mashine, akachora na rangi. Sisi tunaoshuka ndani ya mashimo bila hewa tunalijua joto lile.

Huko Karagwe mguu ulimlaza miezi mingi. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alifika pale Nile inapotoka ziwani, Grant hakuwapo. Februari 1863 wote wawili wakafika Gondokoro, kisha wakashuka mpaka Cairo.

Cairo njo kuna jambo lenyewe. Sidi Mubarak Bombay, mkubwa wa watu wa safari, na wenzake waliovumilia mpaka mwisho, walipigwa picha. Speke akawapa malipo ya miaka 3, na picha zao zikawa za kuonyeshwa kwa makonsuli wa Suez, Aden na Zanzibar, ili watambulikane. Bombay huyo huyo alifika kwetu Nyangwe mwaka 1874 pamoja na Cameron.

Grant aliandika kitabu cha safari mwaka 1864, akafa Nairn tarehe 11 Februari 1892.

Watu wa soko la watumwa wamebaki ndani ya picha bila majina. Watu wa Bombay, picha yao ilikuwa kama kadi ya kazi.

Mama mjane mmoja alituletea picha ya bwana yake na kikosi chake mbele ya shimo. Nyuma hakuna jina, hakuna mwaka. Mwajiri akasema huyo mtu hamjui. Dosie imekwama mpaka leo.

Basi, kama uko na picha ya baba kazini, itoe leo. Andika nyuma yake jina, shimo, mwaka, na majina ya wenzake, wakati wazee bado wanakumbuka.