Mkwawa tumfundisheje Kilosa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na walimu wenzangu, pamoja na wazee wetu wa Kilosa na Mikumi, juu ya Mtwa Mkwawa wa Uhehe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilicho kati ya Kilosa na Mikumi. Huu ni mwaka wangu wa tisa tangu nitoke chuo cha ualimu. Sikuzaliwa Usagara wala Uhehe, nililetwa huku na barua ya ajira. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani kwamba navutia upande wowote.

Mwaka huu nilikuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la sita vita vya Wahehe na Wajerumani. Ni somo nilipendalo, na nadhani nililifundisha kwa mbwembwe. Nilipomaliza kumsifu Mkwawa, msichana mmoja alisimama akauliza kwa nini tunamsifu mtu ambaye askari wake walimchukua mwanamke wa ukoo wao, na hakurudi tena. Kijana mmoja, mtoto wa fundi cherehani Mhehe, akamrushia maneno ya dharau na darasa zima likacheka. Nami, nakiri kwa haya, nikamwamuru yule msichana akae chini, nikamwambia kuwa jambo hilo halimo katika somo.

Ndugu Mhariri, limo. Tangu siku ile nimesoma upya habari za Mkwawa kila nilipozipata, na leo napenda kuzisimulia jinsi zinavyoonekana ukiwa umesimama huku kwetu.

Mkwavinyika, ambaye sote twamwita Mkwawa, alizaliwa karibu mwaka 1855 huko Luhota, Iringa. Baba yake Munyigumba ndiye aliyeziunganisha tawala ndogo ndogo za Uhehe zikawa nchi moja, na jeshi la baba huyo ndilo lililokuwa shule ya kijana. Mengi ya vita Wahehe waliyapata kwa jirani zao Wasangu, na Wasangu nao waliyapata kwa Wangoni. Munyigumba alipofariki mwaka 1879, mkwewe aliyeitwa Mwambambe alijitwalia utawala, na Mkwawa ikambidi akimbilie Ugogo. Hakukaa huko sana. Alirudi, akapigana na Mwambambe, akamshinda, na mahali pa vita ile Wahehe wanapaita Ilundamatwe, yaani pale vilipolundikana vichwa.

Sasa tuje kwetu. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita katika bonde la mto Mkondoa, hapa Kilosa. Juu yake zilipita pembe za ndovu kwenda pwani, na nguo, baruti na bunduki kwenda bara. Aliyeweza kuitoza hongo au kuipora njia hiyo alikuwa tajiri. Mkwawa aliliona hilo kama wengine walivyoliona. Majeshi yake yalishuka Usagara na Ugogo, yakachukua ng'ombe, yakachukua na watu, hasa wanawake na watoto. Huo ndio ukweli aliousema yule mtoto. Wala usidhani kuwa alikuwa peke yake katika kazi hiyo, kwani zama zile watawala wengi wenye nguvu waliifanya. Lakini aliyechomewa nyumba hahesabu wachomaji wa nchi nyingine.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alifika Usagara na karatasi zake, akawatia watawala wa huku alama zao juu yake, mmoja wao huko Msovero, ambako sasa ni Kilosa hii hii. Tumezoea kuwacheka wazee wale kwamba walidanganywa. Ni kweli walidanganywa, kwa kuwa karatasi zile zilisema nchi imetolewa. Lakini mtu anayemtazamia adui kutoka milimani kila kiangazi, si ajabu amwone mgeni mwenye bunduki kama ngao.

Ngao yenyewe ilikuja kuvunjika Lugalo. Kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, ndiye yule yule ambaye mwaka 1888 aliwakasirisha watu wa Pangani kwa bendera ya kampuni yake mpaka vita vya Abushiri vikawaka. Mwaka 1891 alipanda kwenda Uhehe na askari zaidi ya 300, wapagazi, na mizinga. Wazee wa Uhehe husimulia kwamba Mkwawa alituma wajumbe wa amani, nao wakapigwa risasi. Tarehe 17 Agosti msafara ulikuwa umejivuta katika mstari mrefu kwenye njia nyembamba, na Wahehe wapatao 3,000 wamejilaza katika majani na miamba. Wengi walikuwa na mikuki tu. Waliinuka kwa pamoja, na askari wengi hawakupata hata nafasi ya kutia risasi. Zelewski aliuawa akiwa juu ya punda wake. Wajerumani walipoteza karibu jeshi lote, na bunduki zipatazo 300 zikaingia mikononi mwa Mkwawa. Wahehe nao walizika watu wengi.

Wanafunzi wangu waliijua Lugalo kama hospitali ya jeshi na kambi ya Dar es Salaam. Hawakujua kwamba jina lile limetoka kwenye kilima cha Iringa, na zaidi hawakujua kwamba mwisho wa safari ile ulikuwa hapa. Luteni Tettenborn, aliyekuwa nyuma ya msafara, aliwakusanya walionusurika akarudi nao kwa kupitia porini, na mwishoni mwa Agosti walifika Myombo. Myombo hii hii! Watoto wa shule yangu wana shangazi na wajomba huko.

Mwaka uliofuata, 1892, vita vikashuka vyenyewe. Wahehe walikishambulia kikosi cha Wajerumani kilichowekwa Kondoa ya Usagara, karibu na Kilosa (siyo ile Kondoa ya Irangi), wakakimaliza. Katika vitabu jambo hili hupewa mstari mmoja, na mstari huo huhesabiwa ushindi. Kwa mkulima wa bonde la Mkondoa ilikuwa vita ya watu wengine wawili shambani kwake.

Kutoka hapo habari zinajulikana na sitazirefusha. Mkwawa alikuwa amejenga boma la mawe Kalenga, na Wajerumani walilivunja kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Yeye mwenyewe hawakumpata. Miaka minne alipigana msituni, na watu wake wakamficha na kumlisha wakati mashamba yao yakiharibiwa kwa sababu hiyo. Wajerumani walimsimika ndugu yake Mpangile atawale mahali pake, kisha mwaka 1897 wakamnyonga. Waliahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Hapa ndipo mimi humvulia kofia. Mtu aliyekuwa mkatili tu asingefichwa miaka minne na watu wenye njaa, mbele ya fedha kama hizo.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, akiwa mgonjwa na amebaki karibu peke yake, alijipiga risasi. Sajini Merkl aliisikia, akafika, akaamuru kichwa kikatwe. Mwili ukazikwa pale pale na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Sehemu hii watoto waliisikiliza kimya kuliko zote. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu, mataifa makubwa yalipoandika mkataba wa Versailles, kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa katika miezi sita. Miezi sita ikawa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1953 Gavana Twining alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Alichagua moja kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na kwa kuwa lilikuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, huyo huyo aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Fuvu liko Kalenga hadi leo.

Wiki moja baada ya aibu yangu nilirudi darasani nikayasema yote haya, na kwanza kabisa nilimwomba yule msichana radhi mbele ya wenzake. Mtoto wa fundi cherehani aliuliza kama babu zake walikuwa wabaya. Nilimwambia kwamba walikuwa mashujaa Lugalo na wavamizi Usagara, na ni watu wale wale. Hakuridhika. Nadhani hata mimi nisingeridhika katika umri wake.

Watoto sasa wanataka kwenda Kalenga. Kutoka Mikumi si mbali sana, unapita Ruaha Mbuyuni, unapanda Kitonga, na wazazi wengi wameanza kuchanga nauli. Babu wa yule msichana alikataa. Nilimfuata nyumbani jioni, nikamwamkia, tukakaa chini ya mwembe, na alinieleza habari za ule ukoo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, pamoja na jina la yule mwanamke. Mwishoni alikubali mjukuu aende, ila yeye hatatoa hata senti moja ya nauli ya kwenda kumtazama Mkwawa. Nauli yake nitailipa mimi.

Nawaomba wazee wengine wa Myombo, Ulaya, Zombo na Mikumi wenye majina kama hayo wayapeleke katika shule zilizo karibu nao, kwa kuwa walimu wa huko wana madaftari na kalamu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.