Gordon Alipoiacha Kazi Bombay

Sisi tunaokaa kaskazini, karibu na mto Nile, twalijua jina la Gordon tangu utotoni. Pale Dufile aliweka kituo katika miaka ya 1870, na meli zilichukuliwa vipande vipande kupita maporomoko, zikaungwa tena hapo ili ziende Ziwa Albert. Alikuwa Mwingereza, lakini wakati ule alimtumikia Khedive wa Misri. Wala babu zetu hawakuulizwa kama wamtaka. Vita vyake sitavisimulia. Nataka kusimulia siku chache za mwaka wa 1880 ambazo vitabu huzipita mbio.

Charles George Gordon alizaliwa Woolwich, Uingereza, tarehe 28 Januari 1833, akawa mhandisi wa jeshi. Katika miaka ya 1863 na 1864 aliongoza jeshi huko China, akapata sifa kubwa. Alipopewa kutawala jimbo la Ikweta mwaka wa 1874, aliahidiwa mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka, naye akachukua 2,000 tu. Basi alipokosea kukubali kazi, si fedha iliyomvuta. Baadaye aliitawala Sudan yote, na mwisho wa mwaka 1879 akaiacha, amechoka sana.

Mwezi wa Mei 1880 Lord Ripon alikuwa akijitayarisha kwenda India kuwa mtawala mkuu wa huko, akamwomba Gordon awe katibu wake. Watu walistaajabu. Mtu aliyeamuru nchi kubwa namna ile, sasa akae mezani kujibu barua za mkubwa mwingine! Hata hivyo alikubali, akapanda meli pamoja na bwana wake. Baadaye alikiri waziwazi kwamba alikubali katika saa ya udhaifu. Moyo ulianza kumsuta mapema, lakini meli ilikuwa imekwisha ng'oa nanga.

Jambo hilo nalifahamu. Nilipomaliza mwaka wa nne hapa shuleni, mjomba alinitafutia kazi ya ukarani katika ghala la mfanyabiashara mmoja. Nikasema ndiyo mbele ya baba na wazee, nami nilitaka kuendelea na masomo. Nilikaa siku tisa bila kufungua kinywa, na katika siku hizo mjomba alininunulia shati na viatu vya ngozi. Kila siku niliyonyamaza iliongeza deni.

Gordon hakungoja hivyo. Walifika Bombay mwanzo wa Juni, na tarehe 3 Juni alikwisha kujiuzulu. Husimuliwa kwamba watu fulani wa mji walileta hati ya kumkaribisha Lord Ripon, na katibu akaagizwa kujibu kuwa bwana mkubwa ameisoma kwa furaha. Gordon alijua kuwa hakuisoma, wala hataisoma. Neno dogo kabisa. Kila ofisi duniani huandika barua za namna hiyo. Lakini aliona kwamba kazi yote itakuwa hivyo, naye hataiweza. Akamwambia Lord Ripon mwenyewe, kisha akawatangazia watu sababu zake. Hakumsingizia bwana wake kosa lolote, wala hakujifanya mgonjwa. Hilo la ugonjwa mimi nililifikiria sana katika zile siku tisa.

Wengi walimwita kigeugeu. Muda si muda akaitwa China, ambako vita na Urusi vilikuwa karibu kuzuka. Wakubwa wa jeshi walimnyima ruhusa, naye akasema yuko tayari kuacha cheo chake, akaenda, akawashauri Wachina wasipigane.

Wenzangu darasani hunijibu kwa habari ya Kongo, nami sina jibu zuri. Januari 1884 Gordon alimkubalia Leopold, Mfalme wa Ubelgiji, kwenda Kongo kushika nafasi ya Stanley. Siku chache baadaye serikali ya Uingereza ilimtaka aende Khartoum, na tarehe 18 mwezi huo huo akaondoka London usiku. Mara hii haikuwa dhamiri iliyokataa kusema uongo. Alivutwa na mwito mwingine. Nadhani hapa alimkosea yule aliyemngoja, hata kama Leopold hakuwa mtu wa kuhurumiwa, kama watu wa Kongo walivyokuja kuona. Gordon aliuawa Khartoum tarehe 26 Januari 1885.

Leopold alichukizwa, kisha akampeleka Sir Francis de Winton. Mjomba naye alimpeleka kijana mwingine ghalani. Nilipomrudishia viatu hakuvipokea. Ninavyo hata sasa, na mwaka huu vimeanza kunibana.