Muhammad bin Musa al-Khwarizmi

Ama baada ya hayo: watoto wetu wa Shinyanga na Geita hurudi skuli na hisabu za herufi, wakadhani ni elimu ngeni. Basi na wamjue aliyeitungia kitabu.

Ni Muhammad bin Musa, aliyenasibishwa na nchi ya Khwarizm. Alizaliwa yapata mwaka 780, akafanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Maamun, aliyetawala 813 hata 833. Huko akatunga kitabu cha al-jabr na al-muqabala, yaani kurudisha kilichopunguzwa na kuondoa kilicho sawa pande mbili. Herufi hakutumia, asichokijua alikiita kitu. Sehemu kubwa ya kitabu chake ni wasia na mirathi.

Faida yake ni hii. Mtu wa Geita amekufa na kuzikwa. Ameacha wakia 27 za dhahabu, deni la wakia 3, mke, mwana mume mmoja na binti mmoja, wala hana mrithi mwingine. Deni hulipwa kwanza, zabaki 24. Mke ana thumuni, nayo ni 3, zabaki 21. Fungu la binti ni kitu, la nduguye vitu viwili. Vitu vitatu ni 21, basi kitu ni 7: binti 7, nduguye 14. Asiyejua kulinganisha huenda akadhulumu yatima bila kukusudia.

Alikufa yapata 850. Mwaka 1145 kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na jina la al-jabr likabaki Ulaya mpaka leo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Ewe mzazi, mwanao akiketi usiku na hisabu hizo, usimwondolee taa.