Adriano Atiman, Mganga wa Karema

Kila tuulizwapo kama yafaa kijana aiache nchi yake, aende kutibu na kufundisha watu wasio jamaa zake, jina litujialo kwanza ni la Adriano Atiman.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu. Angali mtoto alinyakuliwa na wateka watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, hata Mapadri Weupe wakamkomboa huko Algeria. Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, aliwapeleka vijana wa namna hiyo kisiwani Malta wasomee uganga. Shabaha yake ilikuwa Mwafrika atibiwe na Mwafrika, tena mwenye mke na nyumba kijijini, daktari na katekista pamoja. Mpango ule haukudumu, na chuo kilifungwa kabla ya karne kwisha. Atiman alidumu.

Alianza safari ya kuja kwetu mwaka 1888, mwaka ule ule Papa Leo XIII alipoandika kuulaani utumwa. Kutoka pwani msafara ulikwenda kwa miguu, na mwaka 1889 akafika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, ambako Wabelgiji walikuwa wamewaachia mapadri boma lao tangu 1885. Fikirini hali yake: kijana wa miaka 23 hivi, rangi moja na wenyeji, asiye na ndugu hata mmoja mahali pale. Wenzake Wazungu walijua kwao ni wapi. Yeye kwao kulikuwa wapi?

Akamwoa Agnes, binti wa ukoo wa watawala wa Wabende. Twaona watu humsifu mume na kumsahau mama huyu. Lakini kwa ndoa hiyo mgeni alipata wakwe, na mwenye wakwe haitwi mgeni tena. Mwana wao Yosefu alipewa upadre mwaka 1923.

Kwa miaka ipatayo 67 alitibu wagonjwa na kufundisha dini katika misioni ile ile. Elimu ya Malta hakuiona kuwa yatosha. Alichunguza na dawa za miti za wenyeji, jambo ambalo wasomi wengi wa siku zile wangalilionea haya. Serikali ya Wajerumani ikaja, ikaondoka, ya Waingereza ikashika mahali pake, naye yupo Karema na wagonjwa wake.

Alifariki huko huko mwaka 1956, mzee wa miaka 90 hivi.