Maurice Wilks: Mhandisi wa Land Rover aliyewaachia mafundi mtihani usiokwisha

MNAMO Aprili 30, 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, Uholanzi, kampuni ya Rover ya Uingereza ilizindua gari lisilokuwa na urembo wowote. Bodi yake ilikuwa ya mabati bapa, rangi yake kijani hafifu, na mnunuzi aliyetaka milango au turubai la kumkinga na mvua alilazimika kuongeza fedha.

Mhandisi aliyelibuni, Maurice Wilks, alikusudia liwe gari la kuikwamua kampuni wakati wa dhiki, kisha liachwe mambo yakitengemaa. Mambo yalikwenda kinyume. Uzao wa gari hilo uliendelea kuundwa katika kiwanda cha Solihull hadi Januari 29, 2016, yakiwa yametengenezwa zaidi ya magari milioni mbili.

Wilks amekuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 60. Hata hivyo, kila fundi anayelifungua gari kuukuu la Land Rover kwa nia ya kulirejesha katika hali yake ya asili hukutana na maamuzi ya mhandisi huyo, na humbidi aamue ni yapi atayaheshimu.

Maurice Wilks alizaliwa Agosti 19, 1904 katika kisiwa cha Hayling, kusini mwa Uingereza. Alisomea Malvern College, kisha akaanza kazi ya uhandisi katika kampuni ya magari ya Hillman. Kati ya mwaka wa 1926 na 1928 alikuwa Marekani akiifanyia kazi kampuni ya General Motors, ambako alishuhudia jinsi magari yalivyoundwa kwa wingi na kwa haraka.

Baada ya kurejea nyumbani, alijiunga na Rover mwaka wa 1930 akiwa mhandisi mkuu. Kampuni hiyo ilikuwa hoi kifedha. Kakake mkubwa, Spencer Wilks, alikuwa tayari ameajiriwa humo na baadaye akawa mkurugenzi mkuu. Ndugu hao wawili waligawana majukumu: Spencer alishika hesabu na uongozi, naye Maurice akashika michoro na mitambo. Rover ikapata sifa ya kuunda magari imara ya watu wa tabaka la kati.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, Rover ilipewa kazi ya kuendeleza injini ya ndege iliyovumbuliwa na Frank Whittle. Maurice Wilks aliiongoza kazi hiyo hadi mwaka wa 1943, ambapo ilikabidhiwa kampuni ya Rolls-Royce, nayo Rover ikachukua uundaji wa injini za vifaru. Ujuzi alioupata haukupotea. Mwaka wa 1950 Rover ilionyesha JET1, gari la kwanza duniani kuendeshwa kwa injini ya aina hiyo, na miaka miwili baadaye likapita kasi ya kilomita 240 kwa saa.

Lakini jina la Wilks halikukaa vinywani mwa watu kwa sababu ya kasi. Lilikaa kwa sababu ya gari la shambani.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, kiwanda cha Rover mjini Coventry kilikuwa kimeharibiwa na mabomu, na kampuni ikahamia Solihull. Chuma kilikuwa adimu. Serikali ilikigawa kwa mafungu, na waliopata fungu nono ni wale waliouza bidhaa ng'ambo ili kuiletea nchi fedha za kigeni. Magari ya kifahari ya Rover hayakuwa na soko kubwa huko.

Wakati huo Wilks alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, ambako alitumia gari kuukuu la jeshi la Marekani aina ya Jeep. Gari hilo lilipanda vilima na kupita kwenye matope, ila lilikuwa limechakaa. Inasimuliwa kwamba kakake alimuuliza angefanya nini litakapokufa kabisa, naye akakiri kwamba angelazimika kununua jingine la aina hiyo hiyo kwa kuwa hapakuwa na lingine la kufaa. Hapo ndipo walipoona pengo sokoni. Inasimuliwa pia kwamba mchoro wa kwanza wa Land Rover aliuchora kwenye mchanga wa ufuo wa Red Wharf Bay.

Mwaka wa 1947 gari la majaribio liliundwa juu ya chasi ya Jeep, usukani ukiwa katikati kama wa trekta. Wazo la usukani wa katikati liliachwa upesi, na gari lenyewe halikuhifadhiwa. Leo halipo tena. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza katika historia ya Land Rover, na ilitokea kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba kuna historia iliyokuwa ikiandikwa.

Wilks aliyageuza matatizo ya wakati huo kuwa suluhisho. Chuma kikiwa adimu, bodi iliundwa kwa Birmabright, yaani alumini iliyochanganywa na magnesi. Kwa kuwa mashine za kukunjia mabati zilikuwa ghali, mabati yaliachwa bapa. Chasi ilitengenezwa kwa kuunganisha vipande vya chuma kwa kulehemu hadi vikawa kama sanduku refu. Injini ya lita 1.6 ilitolewa kwenye gari jingine la Rover. Kabla ya uzalishaji kamili, yaliundwa magari 48 ya matayarisho, na mengi ya magari yaliyofuata yalifungwa mizigo kuelekea nchi za nje.

Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoyapokea. Maafisa wa utawala wa kikoloni, walinzi wa wanyamapori, madaktari na wamishonari waliyatumia mahali ambapo barabara zilikuwa jina tu. Baada ya uhuru yakawa magari ya polisi, ya wakuu wa wilaya na ya kubebea abiria vijijini. Hadi leo yangalipo. Oktoba 2024, mamia ya magari hayo yalikusanyika mjini Arusha, Tanzania, katika tamasha la Land Rover.

Uimara huo ndio uliozaa mtihani. Wilks alibuni gari ambalo mkulima angeweza kulifungua kwa spana chache na kubadilisha kipuri kilichoharibika. Milango, mabawa na boneti hutoka kwa kufungua boliti. Kwa hiyo, katika maisha ya miaka 50 au 60, gari moja huweza kubadilishwa giaboksi, ekseli, bodi na hata chasi. Si ajabu kukutana na Land Rover ya zamani katika mji wowote wa Kenya ikinguruma kwa injini ya dizeli ya Kijapani. Mwenyewe hana kosa, kwani alihitaji gari litembee. Lakini anayetaka kulirejesha katika asili yake huwa na kazi ngumu.

Kwanza, ni lazima aujue mwaka wa gari lake. Magari ya mwanzo yalikuwa na taa kuu nyuma ya wavu wa mbele. Pia magurudumu yote manne yaliendeshwa wakati wote, kukiwa na kifaa kilichoyaruhusu ya mbele kuzunguka kwa kasi tofauti na ya nyuma. Mwaka wa 1950 mtindo huo uliondolewa, na dereva akapewa uwezo wa kuchagua magurudumu mawili au manne. Fundi anayefunga giaboksi ya baadaye kwenye gari la mwaka wa 1948 hupata gari linalotembea vizuri, ila amelifuta wazo la Wilks lililokuwa ndani yake.

Pili, ni lazima amjue adui. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini inapogusana na chuma penye unyevu huliwa taratibu na kugeuka unga mweupe. Chasi nayo huoza kutoka ndani, kwa hiyo huweza kuonekana nzima ilhali imebaki ganda. Njia rahisi ni kununua chasi mpya iliyopakwa zinki. Njia ngumu ni kukata sehemu iliyooza pekee na kulehemu kipande kipya, ili chasi yenye namba ya asili ibaki. Wenye kuthamini uasili huchagua njia ya pili kila inapowezekana, na vipuri vyote wanavyoving'oa huvihifadhi.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukosea, ni suala la rangi. Mtu akishatumia fedha nyingi hutamani gari ling'ae kuliko lilivyong'aa likitoka kiwandani. Ila rangi iliyokwanguka, bonde kwenye bawa na alama ya kamba ya mzigo ni kumbukumbu za kazi ambayo gari liliundiwa. Zikishafutwa hazirudi.

Somo hili lilionekana wazi Januari 2018, wakati kampuni ya Jaguar Land Rover ilipotangaza kwamba italirejesha mojawapo ya magari yaliyoonyeshwa Amsterdam mwaka wa 1948. Lilikuwa limetelekezwa shambani Wales kwa miaka 20, kisha likalala katika bustani ya nyumba maili chache tu kutoka Solihull lilikoundwa. Mafundi waliazimia kuiacha rangi yake ya zamani ya kijani hafifu pamoja na makovu ya umri, badala ya kulipaka upya. Gari la kwanza kabisa kati ya yale 48, linalofahamika kwa namba yake ya usajili HUE 166, nalo limehifadhiwa nchini Uingereza.

Wilks mwenyewe hakuishi kuyaona hayo. Alipanda cheo hadi kuwa mkurugenzi mkuu wa Rover, na mwaka wa 1962 akawa mwenyekiti. Alifariki Septemba 8, 1963 huko Anglesey, akiwa na umri wa miaka 59. Mwezi mmoja baadaye Rover ilizindua gari jipya aina ya P6, ambalo lilikuwa limebuniwa chini ya uongozi wake. Mpwa wake, Spen King, ndiye aliyeongoza uundaji wa Range Rover iliyotoka mwaka wa 1970.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Kila mwaka unapopita, magari yaliyotoka Solihull enzi za Wilks yanazidi kupungua, na mengine yanapotea mikononi mwa watu wanaoyapenda mno kiasi cha kuyafanya mapya. Mhandisi huyo aliunda gari la kutengenezwa tena na tena. Anayelimiliki leo ana uhuru wa kubadilisha kila kitu, na thamani ya urithi huo inategemea ni vitu vingapi ataamua kuviacha.