Jacques-Yves Cousteau na Kamera ya Chini ya Maji

Bila shaka umewahi kufumbua macho ndani ya maji ya mto, ziwa au bahari. Uliona nini? Vitu vyote vilionekana kana kwamba vimefunikwa na ukungu. Jicho la binadamu limeumbwa kuona likiwa limezungukwa na hewa. Likigusana na maji, mwanga unaoingia haupindi vya kutosha, na picha haitokei sawasawa. Kwa sababu hiyo, kwa maelfu ya miaka watu walivua na kusafiri juu ya bahari bila kujua vema mambo yaliyomo chini yake. Katika somo hili utasoma habari za mtu mmoja aliyesaidia sana kuibadili hali hiyo.

UTOTO NA UJANA WAKE

Jacques-Yves Cousteau alizaliwa tarehe 11 Juni, 1910, katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, nchini Ufaransa. Afya yake utotoni ilikuwa dhaifu, lakini alipenda mambo mawili: kuogelea na kuchunguza mitambo. Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi alipata kamera ya sinema. Aliifungua, akaitazama sehemu moja moja, kisha akaiunganisha tena.

Mwaka 1930 alijiunga na chuo cha jeshi la majini. Nia yake ilikuwa kuwa rubani wa jeshi hilo. Lakini mwaka 1936 alipata ajali mbaya ya gari, akavunjika mikono, na matumaini ya kurusha ndege yakaisha. Ili kuirudishia mikono nguvu, alikuwa akiogelea baharini karibu na mji wa Toulon. Huko alivaa miwani ya kuogelea kwa mara ya kwanza. Aliinamisha uso majini, na mara ule ukungu ukatoweka. Aliona mawe, majani na samaki waziwazi.

Je, unaweza kueleza kwa nini miwani ilimsaidia? Kati ya jicho na kioo kulikuwa na hewa. Jicho lilipozungukwa tena na hewa, liliweza kufanya kazi yake. Tangu siku hiyo Cousteau aliazimia kuichunguza bahari, na kuwaonyesha watu wengine yale aliyoyaona.

PUMZI YA CHINI YA MAJI

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Cousteau na rafiki zake walitengeneza sinema yao ya kwanza ya chini ya maji. Walitia kamera katika sanduku lisilopenyeza maji. Filamu za sinema zilikuwa adimu kwa sababu ya vita, basi wakanunua filamu fupi za kamera za kawaida na kuziunganisha gizani, chini ya mablanketi. Lakini walikabiliwa na shida kubwa zaidi: walizamia kwa pumzi moja tu. Kila mara iliwapasa kurudi juu upesi kuvuta hewa.

Mwaka 1943 Cousteau alishirikiana na mhandisi Émile Gagnan. Walitumia mitungi yenye hewa iliyoshindiliwa, na wakaitilia vali ya pekee. Vali hiyo ilimpa mzamiaji hewa pale tu alipovuta pumzi, tena kwa kiasi kilicholingana na kanieneo ya maji yaliyomzunguka. Walipoijaribu kwanza katika mto, ilifanya kazi vizuri mzamiaji alipokuwa amelala kifudifudi, lakini alipobadili mkao haikutoa hewa sawasawa. Hawakukata tamaa. Walitafuta sababu, wakairekebisha, wakaijaribu tena baharini. Safari hii ilifanya kazi sawasawa. Sasa mtu aliweza kuogelea chini ya maji bila kufungwa kwa bomba wala kamba.

Usidhani kwamba kazi hiyo haikuwa na hatari. Mwaka 1947 mwenzao mmoja, Maurice Fargues, alizamia hadi kina cha mita 120. Katika kina kikubwa naitrojeni iliyomo katika hewa humlevya mzamiaji, naye hawezi tena kufikiri vema. Fargues alizimia huko chini, na wenzake walipomvuta juu hawakuweza kuyaokoa maisha yake. Tangu hapo kundi hilo lilijua kwamba hewa ya kawaida ina mpaka wake.

MELI YA CALYPSO

Mwaka 1950 Cousteau alipata meli iliyokuwa imetumiwa vitani kuondoa mabomu ya baharini, na baadaye ikawa kivuko. Iliitwa Calypso. Aliigeuza kuwa meli ya uchunguzi, akasafiri nayo katika Bahari ya Shamu, Bahari ya Hindi na kwingineko. Alifika hata katika visiwa vya Shelisheli. Sinema iliyotokana na safari hizo ilionyeshwa mwaka 1956 na kupata tuzo kubwa. Watu wengi waliona kwa mara ya kwanza matumbawe na samaki wa rangi mbalimbali mahali wanapoishi.

Hata hivyo, sinema hiyo inaonyesha jambo la kusikitisha. Ili kuhesabu samaki waliokuwa kwenye mwamba wa matumbawe, kundi la Cousteau lilitumia baruti. Unajua madhara ya baruti baharini. Mshindo wake hupasua vibofu vya hewa vya samaki, wakubwa kwa wadogo. Wachache huelea, na wengi huzama wasionekane. Matumbawe yaliyojengwa kwa miaka mingi huvunjika mara moja. Ndiyo maana sheria ya nchi yetu inakataza uvuvi wa baruti.

Kadiri miaka ilivyopita, Cousteau alibadilika. Aliona kwamba bahari aliyoijua ujanani ilikuwa inaharibika. Mwaka 1960 alisimama mbele ya watu kupinga mpango wa kutupa taka zenye nururishi katika Bahari ya Kati, na mpango huo ukasimamishwa. Kuanzia hapo aliitumia kamera kama chombo cha kuwatetea viumbe wa baharini.

KAMERA NDOGO ISIYOPENYEZA MAJI

Sanduku la kamera lilikuwa kubwa na zito. Cousteau alitaka kamera ndogo ambayo mzamiaji angeishika mkononi bila sanduku lolote. Mhandisi wa Ubelgiji, Jean de Wouters, alimbunia kamera hiyo, ikapewa jina la meli yao, Calypso. Mwaka 1963 kampuni ya Nikon ya Ujapani ilianza kuiuza kwa jina la Nikonos. Iliweza kutumika hadi kina cha mita 50.

Kamera hiyo ilizuiaje maji? Mahali pote ambapo sehemu mbili zilikutana paliwekwa pete ya mpira. Kumbuka kwamba kanieneo ya maji huongezeka kwa kina. Katika kina cha mita 10 kanieneo ni mara mbili ya ile ya juu ya maji, na katika mita 20 ni mara tatu. Kanieneo hiyo iliisukuma pete katika nafasi yake, ikazidi kuziba. Lakini unywele mmoja au chembe ya mchanga juu ya pete ilitosha kuyapitishia maji njia.

Siku hizi waogeleaji, wapiga makasia na watu wa ngalawa hutumia kamera ndogo za namna hiyo. Ukitakiwa kuchagua moja, chunguza mambo haya:

1. Kina kilichoandikwa. Kamera ya mita 5 yafaa kwa mchezo wa juu ya maji, lakini haifai kwa mzamiaji wa mita 20.
2. Pete za mpira na vifuniko. Visiwe na ufa, mchanga wala nywele.
3. Taa. Maji humeza mwanga mwekundu kwanza. Katika kina cha mita 10 hivi samaki mwekundu huonekana wa kijivu, isipokuwa akimulikwa kwa karibu.
4. Vibonyezo. Viwe vikubwa vya kutosha kwa vidole vilivyolowa.
5. Kamba na boya dogo. Kamera nyingi huzama zikiponyoka mkononi.

Baada ya kutumiwa baharini, kamera ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi ikiwa imefungwa, kisha ikaushwe kivulini. Chumvi ikikauka hufanya chembe ngumu zinazoharibu pete.

Cousteau alifariki mjini Paris tarehe 25 Juni, 1997, akiwa na umri wa miaka 87. Kazi ya kuilinda bahari aliyoionyesha kwa watu bado haijakwisha, na wewe pia una sehemu yako katika kazi hiyo.

JARIBIO

Chukua chupa mbili za kioo zinazofanana, zenye midomo mipana na vifuniko. Tia karatasi kavu na mawe machache katika kila chupa. Kata pete kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, uiweke chini ya kifuniko kimoja tu. Funga chupa zote mbili, uzizamishe katika ndoo ya maji kwa muda wa dakika 30. Zitoe, uzifute, uzifungue. Karatasi zikoje? Rudia jaribio ukiweka chembe za mchanga juu ya pete. Andika uliyoyaona.

MASWALI

1. Kwa nini vitu huonekana kama vina ukungu unapofumbua macho majini?
2. Vali ya Cousteau na Gagnan ilifanya kazi gani?
3. Kanieneo katika kina cha mita 30 ni mara ngapi ya ile ya juu ya maji?
4. Eleza jinsi baruti inavyowadhuru samaki na matumbawe.
5. Rafiki yako ana kamera ya mita 5, naye anataka kupiga picha katika kina cha mita 15. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?