Maisha ya Allidina Visram, na Fundisho Lake kwa Wenye Maduka Madogo

Baada ya darasa letu moja la usiku hapa Kwanza, mtu mmoja katika wanafunzi wetu alibaki nyuma ya wenziwe, akakaa kitako kwa unyonge. Mtu huyu ana duka dogo la sukari, chumvi, unga, sabuni na mafuta ya taa, na kwa miaka kumi na miwili amelisha watoto wake kwa duka hilo. Sasa, mkabala na mlango wake, limefunguliwa duka jipya lililo kubwa kuliko lake, na bei zake ni nafuu. Wateja wake wa zamani wapita mbele yake wakitazama chini, wakaingia kwa jirani. Alitwambia kwamba watu wawili wamempa shauri. Wa kwanza amemwambia aende kwa mganga amfunge yule mgeni biashara yake. Wa pili amemwambia atutake sisi tutangaze msikitini kwamba asinunue mtu kwa mgeni, kwa kuwa si wa kwetu.

Mashauri yote mawili tuliyakataa pale pale. Hirizi haishushi bei ya sukari, na anayeifuata hutoa fedha iliyobaki katika duka akampa mwongo. Na mimbari haikuwekwa ili kumharibia mtu biashara yake ya halali. Lakini kumkataza mtu mabaya bila ya kumwonyesha njia ni nusu ya nasaha. Kwa hiyo tukamwahidi kumwandikia katika ukurasa huu maisha ya mtu mmoja aliyefanya biashara katika nchi zetu hizi, akafikiwa na washindani wapya si mara moja wala mbili. Mtu huyo ni Allidina Visram.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza kwa nini tumemchagua mtu wa jamaa wa Khoja Ismailia, ambaye hakuwa wa madhehebu yetu. Jawabu letu ni kuwa uadilifu haujui madhehebu, na mwenye kutafuta elimu ya biashara huichukua kwa aliyeifanya. Sisi hatuelezi hapa itikadi yake. Twaeleza mizani yake na daftari lake.

Allidina Visram alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, upande wa magharibi ya Bara Hindi. Alivuka bahari akiwa bado mtoto, akashuka Bagamoyo, mji uliokuwa mlango wa bara katika siku zile. Hakuja na mali. Aliingia katika kazi ya tajiri wa jamaa yake, Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake linajulikana hata leo Dar es Salaam kwa hospitali aliyoitolea fedha zake. Kwa Sewa Haji kijana huyu alijifunza kupima, kuhesabu, kufunga mizigo, na kujua ni nguo gani inayotakiwa katika nchi gani. Maana mtu wa bara hakuchukua kila alicholetewa: huku walitaka merikani, kule kaniki, na kwingine shanga za rangi moja tu, na aliyekosea rangi alirudi na mzigo wake. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza, nalo ni kumjua mnunuzi kabla ya kununua bidhaa.

Biashara ya wakati ule ilikuwa ya misafara. Wapagazi walichukua mizigo vichwani na mabegani kutoka pwani hata Tabora na Ujiji na Uganda, safari ya miezi, si ya siku, wakarudi na pembe za ndovu, ngozi na nta. Ilikuwa kazi yenye taabu nyingi, na wengi katika wapagazi waliachwa njiani kwa maradhi na njaa. Haifai kuisifu bila ya kuyataja hayo. Sewa Haji alikuwa mkubwa wa kutayarisha misafara hiyo, na alipofariki mwaka 1897, Allidina Visram, aliyekwisha kujijengea biashara yake mwenyewe, ndiye aliyeirithi nafasi yake katika kazi ile.

Sasa tazama, ewe mwenye duka, jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1896, yaani mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Waingereza walikuwa wameanza kujenga reli kutoka Mombasa. Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika Kisumu penye ziwa. Gari la moshi lilikuwa mshindani ambaye hakuna mwenye misafara aliyeweza kushindana naye, kwani lilichukua kwa siku chache mzigo ambao wapagazi mia waliuchukua kwa miezi. Mtu aliyetumia umri wake wote kujifunza kazi ya misafara aliona kazi ile ikifa mbele ya macho yake. Walikuwapo waliong'ang'ania njia ya zamani hata ikawamaliza. Allidina Visram hakuligombeza gari la moshi. Alilipanda.

Alihamishia makao ya biashara yake Mombasa, akaifuata reli akifungua maduka kwenye njia yake, kisha akavuka ziwa. Alikwisha fungua duka Kampala kabla ya reli kufika Kisumu, na kutoka hapo akaenea Uganda. Mwanzoni mwa karne ile ya ishirini maduka yake yalipita thelathini, katika nchi ambazo leo ni Kenya, Uganda na Tanzania. Watu walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji, naye hakuwa na jeshi wala cheo, ila maduka.

Ni jambo gani lililowafanya watu waingie katika maduka yale? Si bei peke yake. Mkulima wa wakati ule alikuwa na haja ya nguo na chumvi, lakini fedha mkononi hakuwa nayo. Duka la Allidina Visram lilimuuzia, nalo lilinunua kwake: ngozi, ufuta, njugu, pilipili na baadaye pamba. Mtu aliingia na mzigo wa shamba akatoka na nguo. Basi duka lile likawa soko la mkulima pamoja na kuwa ghala lake, na mkulima hawezi kulihama kwa wepesi duka ambalo ndilo linalonunua mavuno yake. Kwa kuwa mazao yale yalipelekwa Mombasa kwa gari lile lile lililoleta nguo, tajiri alipata faida katika kwenda na katika kurudi.

Kisha wakaja washindani wa namna nyingine, walio karibu zaidi, na hawa ndio wanaofanana na jirani wa ndugu yetu. Njia ilipokwisha fungwa kwa chuma na nchi ikatulia, Wahindi wengi walipanda reli hiyo hiyo, wakafungua vibanda vya bati katika kila kituo. Wengine walikuwa makarani na mawakala wake mwenyewe, waliojifunza kazi katika maduka yake kisha wakatoka kujitegemea. Mtu wa kawaida angeliona huo kuwa ni uhaini, akaingia katika magomvi na mashitaka. Naye alikuwa na nguvu ya kuwabana, kwani bidhaa nyingi za bara zilipitia mikononi mwake.

Alichofanya ni kuwauzia. Aliwapa wenye vibanda bidhaa kwa mali kauli, yaani wachukue mzigo, wauze, kisha ndipo walipe. Aliyeonekana kuwa mshindani wa rejareja akageuka kuwa mnunuzi wa jumla, na kila kibanda kipya kilipofunguliwa, ghala la Mombasa lilitoa mzigo mmoja zaidi. Yeye mwenyewe hakuweza kukaa katika kila njia panda ya Uganda, lakini nguo yake ilikaa. Hekima hii ni nyepesi kuisema na nzito kuifanya, maana yahitaji mtu ashinde hasadi kwanza, kabla hajashinda soko.

Hata hivyo hakutegemea jambo moja. Mwaka 1903 kampuni ya Kiingereza, Uganda Company, iliundwa, ikaleta mbegu za pamba, na baada yake zikaja kampuni nyingine zenye rasilimali kubwa. Allidina Visram aliona kwamba kuuza nguo peke yake hakutamtosha, akaingia katika pamba, akajenga viwanda vya kuichambua. Alikuwa pia na viwanda vya kukamua mafuta, vya maji ya soda na vya samani. Mlango mmoja ulipobanwa, alikuwa ameufungua mwingine.

Wala tusimfanye kuwa malaika. Alistawi katika utawala wa kikoloni, uliompa Mzungu kilicho bora, ukampa Mhindi duka, ukamwachia mwenyeji jembe. Mwafrika aliyetaka kufungua duka wakati ule alikosa mkopo, na mara nyingi alikosa hata kiwanja. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila aliyekosa kutajirika alikuwa mvivu. Twasema tu kwamba katika nafasi aliyoipata mtu huyu, wengi walioipata kama yeye walishindwa kuitumia.

Sasa twafika penye upande wa huzuni wa maisha haya, nao una fundisho kuliko upande wa fahari. Katika mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, bado alikuwa akisafiri mwenyewe kuangalia biashara. Alikwenda Kongo, akarudi na homa, na mwezi wa Juni mwaka huo akafariki Kampala. Biashara ikashikwa na mwanawe, Abdulrasul. Ulikuwa wakati wa vita kuu, na baada ya vita bei za mazao zilianguka na fedha ya rupia ikaondolewa, hata biashara nyingi zikatikisika. Mwaka 1923 mwana naye akafariki, na baada yake jengo lote likaporomoka. Maduka yaliyojengwa kwa miaka arubaini hayakudumu miaka kumi baada ya mjenzi.

Kwa maoni yetu, sababu moja kubwa ni kwamba biashara ile ilikaa katika kichwa cha mtu mmoja. Mali kauli iliyotawanyika katika mamia ya vibanda ilisimama juu ya uso wake, sauti yake, na kumjua kwake kila mdeni. Alipoondoka yeye, deni lilibaki karatasini, lakini aliyejua nani wa kungojewa na nani wa kubanwa hakuwapo tena. Aliwashinda washindani wa kila namna, kisha ikashindwa biashara na mauti yake, jambo ambalo kila mwenye duka analijua kuwa litakuja.

Kilichobaki ni jina lake, na katika Mombasa ni shule iitwayo kwa jina hilo, iliyojengwa kwa fedha za familia yake ikafunguliwa mwaka 1923, mwaka ule ule wa kuanguka. Sanamu yake pia ilisimamishwa mjini humo. Sisi twaona shule ni ukumbusho ulio bora, kwani sanamu haimfundishi mtu hesabu.

Turudi sasa kwetu. Nchi yetu hii nayo yajua habari ya njia zinazohama. Mumias ilikuwa mji mkubwa wa misafara kwenda Uganda. Reli ilipoishia Kisumu, msafara ukaacha kupita, na mwaka 1920 makao ya serikali nayo yakahamishiwa Kakamega. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, na ile nyingine ilipopitia Bungoma kwenda Uganda katika miaka hiyo hiyo, masoko mapya yalisimama mahali palipokuwa na majani. Hakuna duka katika wilaya zetu lisilosimama mahali ambapo zamani mwingine alimlaumu mgeni.

Basi, ndugu yetu mwenye duka, haya ndiyo tunayokushauri. Usishindane na jirani yako katika bei ya sukari, maana yeye anunua kwa lori na wewe kwa gunia. Utakwisha wewe kwanza. Tazama asilolifanya. Yeye hanunui mahindi ya mjane anayeleta debe moja, wala maharagwe, wala mayai. Wewe unaweza kuyanunua kwa mizani ya haki na kuyapeleka Kitale. Yeye hafungui kabla ya jua, na wewe wakaa karibu na duka lako. Yeye hauzi kipimo kidogo cha mafuta kwa mwenye shilingi chache. Ikiwa bei yake ya jumla ni nafuu, nunua kwake, uwapelekee watu wa mashambani wasiofika barabarani. Na ukikopesha, andika, mbele ya shahidi, na umwonyeshe mdeni ulichoandika.

Jambo la mwisho, nalo ndilo tunalokusisitizia kuliko yote: mkalishe mwanao na mkeo mbele ya daftari lako kabla ya mwezi huu kwisha. Wajue unadaiwa nini, unamdai nani, na bidhaa watoa wapi. Jirani mpya anaweza kukupunguzia wateja, lakini daftari lililofungwa ndani ya kichwa chako laweza kuwanyima watoto wako duka zima siku moja.

Na kesho asubuhi, kabla hujafungua, vuka njia umsalimie jirani yako. Riziki yake haikutoka mfukoni mwako. Mola atupe sote kilicho halali, na atutoshe nacho.